Lishe ya Rumonge: Kutoka Wodini Hadi Chunguni

Alfajiri mitumbwi ya Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, hurudi ufukoni, taa za kuvutia samaki zimezimwa, na ndagala (dagaa) humwagwa juani kuanikwa. Sokoni, si mbali, yamepangwa madumu ya mawese mekundu. Ndagala huliwa na mifupa yake, kwa hiyo humpa mtoto protini na kalsiamu. Mawese yana karotini inayogeuka vitamini A mwilini, mradi yasichemshwe mpaka yakapoteza wekundu wake. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 uliwakuta asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Kazi ya lishe Afrika, kwa sehemu kubwa, ilianzia wodini. Mwaka 1935 Dkt. Cicely Williams, aliyekuwa akitibu watoto Ghana ya leo, aliwatangazia madaktari wenzake jina kwashiakoo. Ni neno la Waga wa huko, la ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake yuko njiani au amezaliwa. Akina mama, basi, walikuwa wamekwishaona chanzo chake kabla ya hospitali. Uganda, mwaka 1954, Trowell, Davies na Dean waliuandikia ugonjwa huo kitabu kizima. Kwa jirani wa Burundi, Kongo, ng'ambo ya mto Rusizi, wataalamu wa taasisi ya Kibelgiji ya Lwiro, karibu na Bukavu, waliwachunguza watoto wa Kivu.

Dawa kubwa ya enzi hiyo ilikuwa maziwa ya unga. Mtoto alipona, akaruhusiwa, akarudi kwenye chungu kilekile kilichomuuguza. Ndiyo maana naihesabu Mwanamugimu, kitengo kilichofunguliwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, miaka ya 1960, kuwa shule ya kweli ya fani hii: mama alikaa na mwanawe, akajifunza kupika vyakula vya kwao.

Burundi imeifuata njia hiyo kwa FARN, majiko ya mafunzo ya lishe vijijini. Mama ambaye mwanawe amenawiri huwafundisha wenzake, kila mmoja akija na alichonacho: sombe, maharagwe, unga, konzi ya ndagala. Mtoto ambaye utepe wa kupimia mzunguko wa mkono unasoma chini ya milimita 115 hupelekwa kituo cha afya.

Wewe unayesomea lishe, iwe Bujumbura au kwingine, shuka Rumonge alfajiri. Uliza ndagala kiasi gani zimepakiwa kwenda kuuzwa, na kiasi gani zimebaki nyumbani kwa mvuvi.