Mapatano ya 1710: Makabaila wa Livonia na Kanisa la Kilutheri

Wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock wa Misioni ya Leipzig, waliouawa Akeri, Meru, mwezi Oktoba 1896, walitoka katika majimbo ya Baltiki. Walikuwa Walutheri, lakini nchi yao ilitawaliwa na Kaisari wa Urusi, ambaye alikuwa Mwothodoksi. Habari za jinsi Kanisa la Kilutheri lilivyodumu chini ya dola hiyo zinaanzia mwaka 1710.

Mwaka huo Livonia na Estonia, zilizokuwa mali ya Sweden, ziliangukia mikononi mwa Peter wa Kwanza. Riga ilijisalimisha kwa jemadari Sheremetev wakati wa kiangazi, watu wake wakiwa wamemalizwa na tauni. Reval, yaani Tallinn ya leo, ikafuata baada ya miezi michache. Makabaila wa huko, wengi wao wakiwa na asili ya Kijerumani, hawakujisalimisha bure. Waliandika masharti, naye Peter akayathibitisha: imani ya Ungamo la Augsburg isiguswe, Kijerumani kitumike mahakamani na ofisini, sheria za kale zidumu, na vyeo vya jimbo vishikwe nao wenyewe.

Zaidi ya yote walitaka mashamba. Mfalme Karl wa Kumi na Moja wa Sweden alikuwa ametwaa takriban sehemu tano kati ya sita za mashamba makubwa ya Livonia. Johann Reinhold von Patkul, kabaila aliyepinga jambo hilo, alitoroka, akahukumiwa kifo mwaka 1694 bila kuwapo, na hatimaye akauawa mwaka 1707. Peter aliyarudisha mashamba hayo kwa wenyewe. Mkataba wa Nystad wa 1721 ukayatia nguvu mapatano yote.

Hivyo Kanisa lilipata ulinzi. Lakini ulinzi huo ulikuwa mikononi mwa makabaila, na katika sharika nyingi bwana shamba ndiye aliyekuwa na haki ya kumteua mchungaji. Wakulima wa Kiestonia na Kilatvia, ambao ndio waliojaza makanisa, hawakutajwa kama watu wenye haki. Mwaka 1739 Biblia nzima ilichapishwa kwa mara ya kwanza katika lugha ya Kiestonia, kazi iliyoongozwa na Mchungaji Anton thor Helle. Mwaka huohuo wa 1739, kwa niaba ya makabaila wa Livonia, Otto Fabian von Rosen aliijibu serikali ya Petersburg kwamba mkulima, mwili wake na vyote alivyo navyo, ni mali ya bwana wake. Ni vigumu kuzisoma habari hizi mbili pamoja bila kusikitika.

Wakulima wa Estonia walifunguliwa mwaka 1816 na wale wa Livonia mwaka 1819, lakini bila ardhi. Haki za makabaila ziliendelea kuthibitishwa na kila mtawala mpya, hadi Alexander wa Tatu, aliyeanza kutawala mwaka 1881, alipokataa kufanya hivyo.