Safari ya daktari wa meno kutoka mahafali hadi kazi ya kwanza

Shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko kando ya barabara ya Argwings Kodhek. Makao ya baraza linalosajili madaktari nchini yako karibu na barabara ya Lenana, katika eneo hilo hilo la Hurlingham na viunga vyake. Mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka jengo moja hadi jingine. Hata hivyo, kwa mhitimu wa udaktari wa meno, safari ya kisheria kati ya majengo hayo mawili huchukua zaidi ya mwaka mmoja.

Mafunzo ya udaktari wa meno yalianzishwa katika chuo hicho mwaka wa 1974. Siku hizi, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, pia hufunza taaluma hiyo. Kila mwaka vijana huvaa majoho, hupigwa picha na wazazi wao, kisha hurudi nyumbani wakiitwa "daktari" na kijiji kizima. Asichokijua mwanakijiji ni kwamba shahada pekee haimruhusu kijana huyo kung'oa hata jino moja.

Sheria inayosimamia taaluma hiyo ni Sura ya 253 ya Sheria za Kenya, ambayo ilianza kutumika mwaka wa 1978. Awali chombo cha usimamizi kiliitwa Bodi. Marekebisho ya mwaka wa 2019 yaliigeuza kuwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, maarufu kwa kifupi kama KMPDC. Ni kosa la jinai kwa mtu kutibu wagonjwa kama daktari wa meno bila kusajiliwa au bila leseni.

Mwaka wa uanagenzi

Hatua ya kwanza baada ya mahafali ni uanagenzi wa miezi 12 katika hospitali iliyoidhinishwa na Baraza. Daktari mwanagenzi hupewa leseni ya kipindi hicho pekee na hufanya kazi chini ya uangalizi wa madaktari waliomtangulia.

Katika hospitali za umma ndipo mwanagenzi hukutana na hali ambazo chuoni alizisikia kwa nadra: shavu lililofura usaha kwa majuma mawili, mtoto mwenye magego yaliyooza yote, au taya lililovunjika katika ajali ya barabarani. Kila kazi hurekodiwa katika daftari maalumu na kutiwa sahihi na msimamizi. Anayeahirisha kulijaza hadi mwisho wa mwaka hujikuta akiwatafuta wasimamizi waliokwisha kuhamishwa.

Wanaosomea ng'ambo hupitia mlango mwingine. Ni sharti shahada zao zitambuliwe na wafanye mtihani wa Baraza kabla ya kuruhusiwa kuendelea.

Mtego wa kusubiri

Jambo linalowaumiza wengi ni muda wa kusubiri kupangiwa hospitali. Kucheleweshwa kwa wanagenzi na mzozo kuhusu malipo yao vilikuwa miongoni mwa sababu za mgomo wa madaktari ulioanza Machi 2024 na kumalizika Mei mwaka huo. Mkataba wa pamoja wa mwaka wa 2017 uliweka malipo ya daktari mwanagenzi kuwa Sh206,400 kwa mwezi, ilhali serikali ilitaka kulipa Sh70,000. Desemba 2024 pande hizo zilikubaliana kuheshimu kiwango cha mwaka wa 2017.

Katika kipindi hicho cha kusubiri ndipo mtego hutegwa. Mwenye kliniki humwita mhitimu asiye na kazi "aje asaidie", na msaada huo hugeuka kuwa kuziba na kung'oa meno kwa ujira mdogo. Mgonjwa akidhurika, mwenye kliniki huweza kumkana, na kijana hubaki na kesi kabla ya kuwa na leseni. Mkono mtupu ni mzigo, lakini jina lililochafuka ni mzigo mzito zaidi.

Zipo njia halali za kuutumia muda huo. Mhitimu anaweza kuhudhuria mafunzo na makongamano ya taaluma, kufundisha watoto wa shule kupiga mswaki, au kunoa mikono yake kwa kuchimba na kuziba meno ya mfano.

Aidha, huu ndio wakati wa kukamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa yeyote ambaye bado hajaipata. Chanjo hiyo hutolewa mara tatu katika kipindi cha miezi sita, kwa hivyo asiyeianza mapema huingia kazini bila kinga kamili. Daktari wa meno hushika sindano na damu kila siku. Anapaswa pia kujua kwamba akidungwa na sindano iliyotumika, dawa za kuzuia virusi vya HIV huanzwa haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28.

Stakabadhi za ajira

Baada ya uanagenzi, daktari husajiliwa kikamilifu na kupewa leseni ya kuhuishwa kila mwaka. Ili kuihuisha, ni lazima aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza.

Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, hospitali nyingi za umma ziko chini ya serikali za kaunti, na nafasi hutangazwa na bodi za utumishi wa umma za kaunti hizo. Waajiri wa umma mara nyingi hudai cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi na uthibitisho kutoka kwa mamlaka ya ushuru, tume ya maadili na bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB. Anayeanza kutafuta vyeti hivyo baada ya tangazo kutoka huenda akapitwa na siku ya mwisho.

Kusoma mkataba

Kwa kuwa nafasi za kaunti ni chache, wengi huanzia kliniki za kibinafsi, na Hurlingham, Upper Hill na Ngong Road ni miongoni mwa maeneo yenye kliniki nyingi za meno jijini Nairobi. Baadhi hulipa mshahara. Nyingine hulipa asilimia ya mapato ya daktari.

Kabla ya kutia sahihi, mhitimu anafaa kuuliza maswali manne. Asilimia hiyo huhesabiwa kabla au baada ya kuondoa gharama za maabara inayotengeneza meno bandia? Nani atagharimia jino lililozibwa likabanduka? Je, yupo daktari mzoefu wa kumwita matibabu yanapokwama? Na nani hulipia bima ya kumkinga akishtakiwa na mgonjwa?

Swali la tatu ndilo kubwa kwa anayeanza. Malipo ya asilimia humsukuma daktari kufanya mengi kwa haraka, na asiye na mzee wa kazi karibu hujifunza makosa yake mdomoni mwa mgonjwa. Mshahara mdogo penye mwalimu hodari huweza kumfaa kuliko donge nono penye upweke. Mwombaji pia achunguze chumba ambamo vyombo hutakaswa kwa mvuke. Kliniki inayobana matumizi hapo itamtia mashakani.

Lugha ya mgonjwa

Mwisho ni maandalizi ambayo hayana cheti. Masomo hutolewa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa husema jino "linapwita" au "lina mdudu". Wapo wazazi wanaoamini kuwa vifuko vya meno katika ufizi wa mtoto mchanga ni "meno ya plastiki" yanayoleta homa na kuhara, na hivyo humpeleka mtoto akatolewe kwa kifaa kichafu. Daktari anayemkemea mama huyo atampoteza. Anayemweleza kwa upole kwamba hayo ni meno ya utotoni ambayo hayajaota huenda akawaokoa watoto wengine nyumbani humo.

Vivyo hivyo, mgonjwa anastahili kuelezwa kabla ya ganzi: tatizo ni lipi, njia za tiba ni zipi, gharama ni ngapi, na nini kitatokea akikataa. Kisha yote yaandikwe katika faili siku hiyo hiyo. Baraza hupokea malalamiko ya wagonjwa, na siku daktari anapoitwa kujieleza, maandishi hayo ndiyo humtetea.