Lubumbashi: Mazembe ikifungwa, mashabiki wanaulizana "wewe wa wapi?"

Mwanzoni mwa mwaka 2025 TP Mazembe ilitolewa katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwenye hatua ya makundi. Ilimaliza ya mwisho, nyuma ya Al Hilal ya Sudan, MC Alger ya Algeria na Yanga ya Dar es Salaam. Kwa timu yenye makombe matano ya mashindano hayo, wengi waliona haya.

Kule Kamalondo, Kenya, Katuba na Kampemba maneno hayakukaa kwenye mpira kwa muda mrefu. Kwanza lawama zilimwendea kocha. Kisha wakasema rais wa timu, Moïse Katumbi, ameweka akili yote kwenye siasa. Wengine wakajibu kwamba ni Kinshasa inayombana ili timu ife. Na pale mabishano yanapopanda, kuna mtu anayemgeukia mwenzake na kumuuliza: wewe ni wa wapi? Mwenye kuulizwa anaweza kuwa amevaa jezi nyeusi na nyeupe toka utoto. Anaelewa vizuri kwamba hawamuulizi habari ya mpira.

Swali hilo lina historia ndefu katika mji huu, na mpira umepita humo mara nyingi.

Mazembe ilizaliwa mwaka 1939, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Mapadri Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface waliianzisha kwa jina la Saint-Georges, ili vijana wawe na kitu cha kufanya. Baadaye iliitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi. Lupopo, timu ya wafanyakazi wa reli, nayo inahesabu umri wake toka miaka hiyohiyo, na hadi leo inaitwa Cheminots. Wachezaji na watazamaji wa timu hizo walikuwa watoto wa watu walioletwa na kazi. Union Minière ilitafuta vibarua Kasai, Lomami, Rwanda-Urundi na ng'ambo ya mpaka, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Reli ya BCK ilipita Kasai kabla ya kufika mto kule Ilebo, na watu wa Kasai walipanda treni kwa wingi kuja kusoma, kuandika hesabu za ofisi na kuendesha mashine. Kiswahili cha Lubumbashi kilikomaa kwenye mchanganyiko huo: kambini, sokoni, na kiwanjani pia.

Kwa hiyo tangu mwanzo timu hizi mbili zilikuwa za mji kuliko kabila. Mtu alikuwa Mazembe kwa sababu baba yake alikuwa Mazembe, au alikuwa Lupopo kwa sababu mjomba alifanya kazi reli. Nyumba moja ilikuwa na wote wawili, na siku ya derby mama alipika bukari bila kujua nani atakula na nani atanuna.

Siasa iliingia na nguvu mwaka 1960. Tarehe 11 mwezi wa saba Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi peke yake, na mambo yakaendelea hivyo hadi mwanzo wa 1963. Watu wengi wanakumbuka bendera na askari wa kukodiwa. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1961 makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Waluba, walikimbia nyumba zao wakalala kwenye kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, ndani ya mji huohuo waliokuwa wakiishi na kufanya kazi. Hao walikuwa wakimbizi wa ndani kabla neno lenyewe halijazoeleka.

Miaka minne tu baada ya kujitenga kwisha, mji huo ulitoa bingwa wa Afrika. Englebert ilikuwa imechukua ubingwa wa nchi bila kupoteza mchezo, ndipo jina la Tout Puissant lilipoongezwa. Mwaka 1967 ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana katika fainali, na Kotoko haikutokea kwenye mchezo wa marudio. Mwaka 1968 ilichukua tena, safari hii mbele ya Étoile Filante ya Lomé. Mwaka huohuo, kule Ethiopia, timu ya taifa ilichukua Kombe la Afrika kwa bao moja dhidi ya Ghana, na mfungaji alikuwa Pierre Kalala wa Englebert. Mwaka 1973 Tshimen Bwanga, mlinzi wa Mazembe, alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika.

Mobutu aliuelewa mpira haraka. Aliwakusanya wachezaji wa Lubumbashi na wa Kinshasa, akawapa jina la Léopards na kuwapeleka Kombe la Dunia la 1974 kule Ujerumani Magharibi. Mambo yalipoharibika, mabao 9 kwa 0 mbele ya Yugoslavia, wawili waliobeba dhihaka ya dunia walikuwa watu wa Mazembe: kipa Kazadi, aliyetolewa kabla ya nusu saa, na beki Mwepu Ilunga, aliyetoka ukutani katika mchezo na Brazili na kuupiga mpira kabla Wabrazili hawajapiga faulo yao. Dunia ilicheka miaka mingi. Mwepu alikuja kueleza kwamba sheria aliijua vizuri, na kwamba alikuwa na hasira ya kucheza bila malipo waliyoahidiwa. Kikombe cha Afrika walichoshinda mapema mwaka uleule kilikuwa cha serikali. Kipigo kiliachwa kiwe chao wenyewe.

Kuna jambo moja ambalo vijana wa leo hawalitambui wanapopita mbele ya uwanja mkubwa wa mtaa wa Kenya. Uwanja huo una jina la Frédéric Kibassa Maliba. Alikuwa Mkatanga, aliwahi kuwa waziri wa michezo, na alikuwa mmoja wa waanzilishi wa UDPS mwaka 1982, bega kwa bega na Étienne Tshisekedi wa Kasai. Chama ambacho leo watu wa mji wanakiita cha Wakasai kilijengwa pia na mtu ambaye derby ya Lubumbashi imechezwa ndani ya jina lake.

Mwezi wa nane 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, na Nguza Karl-i-Bond wa Katanga akaondoka kwenye kiti hicho. Kinshasa walisherehekea. Huku Shaba, kama jimbo lilivyoitwa wakati ule, Wakasai waliosherehekea walilipa. Gavana alikuwa Kyungu wa Kumwanza wa chama cha UFERI, na vijana wa chama walikuwa barabarani. Wakasai waliitwa "bilulu", wadudu, kwenye mikutano ya hadhara. Mobutu, ambaye alitaka upinzani ugawanyike, hakuzuia.

Likasi ndiko kulikoanza vibaya zaidi, kisha Kolwezi mwaka 1993. Familia zilifukuzwa kwenye nyumba walizokaa vizazi viwili au vitatu, nyumba za Gécamines na za reli. Zilikwenda kwenye stesheni zikangoja treni. Treni hazikuja, au zilikuja moja kwa wiki nyingi. Watu walilala kwenye stesheni miezi, chini ya mahema na ndani ya madarasa, na watoto walikufa kwa surua na kuhara. Waliofukuzwa wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Wengi walifika Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi, mahali ambapo hawakuwahi kukaa na ambapo lugha yao ya nyumbani, Kiswahili, iliwafanya wageni mara ya pili.

Ndani ya treni hizo walikuwemo mashabiki wa Mazembe na wa Lupopo. Hilo halihitaji takwimu: reli ilikuwa yao, na timu ya reli pia. Hata leo ukienda Mbuji-Mayi siku Mazembe inapokuja kucheza na Sanga Balende, utakuta wazee wanaojua majina yote ya kikosi cha 1980 kilichochukua kombe la washindi wa vikombe, na ambao hawataki kusema kwa sauti walijifunzia wapi. Atakayewaita maadui wa Katanga ajue kwanza historia hiyo.

Mwaka 1997 Mobutu alianguka, jina la Katanga likarudi, na mwaka huohuo Katumbi akachukua uongozi wa Mazembe. Mwaka 2007 akawa gavana. Hapo ndipo kitu kipya kilianza. Mkuu wa timu na mkuu wa jimbo walikuwa mtu mmoja, na alikuwa na fedha. Alinunua Wazambia, kama Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu, na Watanzania Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Makombe ya Afrika yalikuja 2009 na 2010. Mwezi wa kumi na mbili 2010 Mazembe iliifunga Internacional ya Brazili 2 kwa 0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Kipa Kidiaba aliruka kwa makalio uwanjani, na Lubumbashi haikulala.

Siku ya fainali, Inter ya Milano ilishinda 3 kwa 0. Mwamuzi alikuwa Mjapani. Vijana wa mji walitoka barabarani wakashambulia maduka ya Wachina.

Tukio hilo linasimuliwa kama kichekesho, lakini si kichekesho. Timu imefungwa, na hasira inatafuta mtu wa nje mwenye sura ya kufanana na adui. Mwaka 2011 ilikuwa Simba ya Tanzania, iliyolalamika kwamba Mazembe ilimchezesha Janvier Besala Bokungu bila haki, na CAF ikaitoa Mazembe mashindanoni. Karatasi za mchezaji hazikuwa sawa. Mtaani ilikuwa njama. Mwaka 2014, tarehe 11 mwezi wa tano, Vita Club na Mazembe zilikutana uwanja wa Tata Raphaël kule Kinshasa. Mazembe ilikuwa mbele kwa bao moja, fujo ikaanza, polisi wakarusha gesi ya machozi, watu wakakanyagana kwenye milango. Serikali ilitangaza vifo vya watu 15.

Kisha ukaja mwaka 2015. Katanga ikakatwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mwezi wa tisa Katumbi aliacha ugavana na chama cha rais Joseph Kabila. Mwezi wa kumi na moja Mazembe ikachukua kombe la tano la Afrika, pale Kamalondo, mbele ya USM Alger. Hakuna aliyeangalia mchezo ule kama mpira mtupu. Mwaka 2016 kesi zilimwandama, akatoka nchini tarehe 20 mwezi wa tano. Mwezi wa nane 2018 alizuiliwa mpakani Kasumbalesa, na watu waliokuwa wakimngoja wakatawanywa. Alirudi tarehe 20 mwezi wa tano 2019, miaka mitatu kamili.

Lupopo nayo haikubaki nyuma. Jacques Kyabula, aliyekuwa gavana wa Haut-Katanga toka 2019 na mtu wa karibu na rais Félix Tshisekedi, alichukua urais wa timu hiyo. Derby ikawa na tafsiri mpya bila mtu kuomba: huku mpinzani, kule serikali. Kidiaba mwenyewe alikuwa ameingia siasa, akachaguliwa deputé wa jimbo. Katika uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili 2023 Katumbi alitoka wa pili kwa takriban asilimia 18, na Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 73. Kabla ya hapo kulikuwa na pendekezo la sheria la kumtaka mgombea urais awe na baba na mama Wakongo. Kila mtu Lubumbashi alijua limemlenga nani, kwa kuwa baba wa Katumbi alitoka kisiwa cha Rhodes. Wewe wa wapi? Safari hii lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ya Bunge.

Ubaya wa tafsiri hizi ni kwamba zinaficha mpira wenyewe. Samatta aliondoka kwenda Genk mwezi wa kwanza 2016, na kikosi kile cha 2015 kilizeeka au kilitawanyika bila kupata warithi wa kiwango kile. Timu iliyotegemea mfuko wa mtu mmoja hutikisika mtu huyo anapotikisika, awe na haki au asiwe nayo. Ligi ya taifa ilikatwa njiani mwaka 2023. Lupopo, pamoja na gavana wake, haijachukua ubingwa wa nchi toka 2009, na wanaosema serikali inaipendelea wangepaswa kueleza jambo hilo kwanza. Shabiki mwenye hasira ana maswali ya haki ya kuuliza: fedha zimekwenda wapi, vijana wa akademi wako wapi, nani anachagua wachezaji. Maswali hayo hayana kabila, na ndiyo yasiyoulizwa.

Wakati wanaume wakihangaika kwenye kundi lao, timu ya wanawake ya Mazembe ilikuwa imetoka Moroko na kombe la Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake, baada ya kuifunga AS FAR 1 kwa 0 mwezi wa kumi na moja 2024.