Mbege: pombe iliyohukumiwa bila kuonjwa

Desemba 2024, kikao cha UNESCO kilichokutana Asunción, Paraguay, kiliuingiza ufundi wa kupika sake ya Japani katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Bia ya Ubelgiji ilikuwa imetangulia mwaka 2016. Arusha habari hiyo ilipita bila gumzo, na hapo ndipo penye tatizo. Mwendo mfupi kutoka Mnara wa Saa, kwenye migomba ya Akheri, Poli na Nkoaranga, akina mama wa Kimeru wanapika mbege, pombe ya ndizi na ulezi inayodai ufundi wa kiwango hichohicho, na hakuna aliyewahi kuwaita mafundi.

Tuanze na walichofanya Wajapani. Mwaka 1904 serikali yao ilifungua taasisi ya utafiti wa pombe, na mwaka 1911 yakaanza mashindano ya kitaifa ya kuonja sake mpya, ambayo yapo hadi leo. Kikombe cha mwonjaji ni cheupe, kina miduara ya buluu chini yake: juu ya weupe anasoma rangi, na juu ya buluu anaona kama pombe imetakata. Ananusa, anaizungusha mdomoni, anatema, anaandika. Anajua kuitenga junmai, isiyotiwa kileo cha ziada, na kuitambua ginjo, ambayo punje ya mchele imekobolewa ikabaki asilimia 60 au chini ya hapo. Ikikobolewa hadi asilimia 50 au pungufu, inaitwa daiginjo.

Mbege nayo ina madaraja yake, ila yamo vichwani mwa wapishi na wanywaji. Mambo manne huitenga mbege ya mama mmoja na ya jirani yake: utamu wa ndizi, ukali wa kuchacha, uchungu wa msesewe na uzito wa ulezi. Ikiwa changa ni tamu na hata mtoto angeitamani. Ikikaa kidogo utamu unarudi nyuma, uchungu unajitokeza, na wazee husema sasa imefika. Ikipitiliza inakuwa kali ya kuchoma koo, na bei yake kilabuni inashuka. Anayeyajua haya hahitaji kuambiwa ni nani aliyepika.

Upishi wenyewe hauna njia ya mkato. Ndizi zilizoiva vizuri humenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi ya hudhurungi, kisha huachwa zichachuke siku kadhaa na kuchujwa. Pembeni, ulezi huloweshwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa, na kimea hicho hupikwa uji mwepesi. Gome la mti wa msesewe huongezwa kwa ajili ya uchungu. Uji ukishapoa huchanganywa na maji ya ndizi, na siku inayofuata watu wanaitwa. Kwenye sake, kuvu wa koji ndio wanaogeuza wanga wa mchele kuwa sukari. Kwenye mbege kazi hiyo inafanywa na kimea cha ulezi, huku ndizi zikija na sukari yake. Aliyekosea joto au siku amepoteza ndizi zake zote.

Hilo halikumpita mtafiti wa Kijapani, Ryosuke Kubo. Yeye na Method Kilasara wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walichapisha mwaka 2016 utafiti kuhusu mbinu za kupika mbege kaskazini mashariki mwa Tanzania, wakiichunguza hatua kwa hatua kama jambo la kisayansi. Inatia moyo, na inauma pia, kwamba mtu wa taifa la sake alisafiri mpaka huku kuja kujifunza kile ambacho sisi tunakiita tu pombe ya kienyeji.

Mlima Meru, wenye mita 4,566, una historia ndefu ya vinywaji. Waarusha wa upande wa magharibi walikuwa na pombe ya asali kwa ajili ya sherehe zao, na mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyeishi nao miaka ya 1950, alieleza jinsi walivyomaliza mashauri yao kwa mazungumzo na jinsi pombe ilivyofunga mapatano. Wameru waliijenga mbege juu ya migomba. Kisha wakaja wageni. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Leipzig waliuawa Akheri, na Wajerumani wakalipiza kwa moto. Boma la Arusha likasimama mwaka 1900, misheni ya Nkoaranga ikafuata mwaka 1902 na ya Ilboru mwaka 1904.

Ugomvi mkubwa juu ya mbege, hata hivyo, haukuhusu ndizi. Ulihusu ulezi. Mwanahistoria Matthew Bender, aliyeandika kwa kina juu ya maji ya Kilimanjaro, mlima jirani, anaonyesha kwamba kwa karne nyingi ulezi ulikuwa miongoni mwa mazao makuu ya mlima ule. Wachagga wa huko waliupanda kiangazi na kuunyweshea kwa mifereji iliyochimbwa na koo zao, mifereji ya aina ileile inayopatikana Meru. Ndizi zilijaza tumbo. Ulezi ulikuwa na kazi nyingine: bila huo hakuna mbege, na bila mbege hakuna posa, tambiko wala msamaha.

Maofisa wa Kiingereza waliowafuata Wajerumani walikuja na mizani nyingine. Machoni pao, kumwagilia kiangazi zao la kupikia pombe ni kupoteza maji ambayo mashamba ya tambarare yaliyahitaji, na kulima ulezi kwenye miteremko ni kuufungulia udongo mmomonyoko. Wamisionari nao waliona kwamba nyuma ya ulezi kuna matambiko waliyotaka yaachwe. Wakulima hawakukubali upesi, kwa kuwa kuuacha ulezi kulikuwa ni kukubali kwamba mambo ya ukoo hayana maana. Lakini kahawa ilileta fedha na ikachukua ardhi, mahindi yakachukua nafasi iliyobaki, na vijana waliosoma misheni hawakuwa na haja ya tambiko. Kufikia Uhuru, ulezi ulikuwa karibu umetoweka mlimani. Leo mpishi wa mbege hununua sokoni ulezi uliotoka mikoa mingine.

Kinachoonekana katika kisa hicho ni kwamba mbege ilipimwa kwa maji, ikapimwa kwa udongo, ikapimwa kwa dini. Haikupimwa kwa ulimi. Japani nayo ilikuwa kali: mwaka 1899 ilipiga marufuku pombe za kupika nyumbani, kwa kuwa ushuru wa pombe ulikuwa mhimili wa hazina yake. Lakini fedha hizo zilirudi kwa wapishi kama maabara, hamira bora na waonjaji. Huku kwetu mkono uliochukua haukurudisha. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliendelea kuzitenga pombe za kienyeji kama kundi la kudhibitiwa kwa leseni na saa za kuuza.

Miaka ya karibuni haina mengi. Mwaka 1993 kampuni ya Banana Investments ilianza hapa Arusha kutengeneza mvinyo wa ndizi wa chupa, ikathibitisha kwamba ndizi zetu zinaweza kusimama dukani. Mwaka 2017 viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku, na ilikuwa haki. Katika kituo cha utafiti cha Tengeru, wanasayansi wanazalisha migomba mipya inayostahimili magonjwa, kazi ya kujivunia. Mgomba umepata watafiti. Mpishi wa mbege bado hana hata cheti.

Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa urithi usioshikika mwaka 2011, kwa hiyo mlango uko wazi. Hatuna haja ya kuanzia Asunción. Kila Agosti, viwanja vya Nanenane vya Themi, Njiro, hujaa mbegu, ng'ombe na matrekta. Halmashauri ya Meru iweke pale meza moja, iwaite wapishi wa kila kata, iwaketishe wazee na wataalamu wa Tengeru pamoja, waonje, waandike alama na kumtangaza mshindi kwa jina lake. Sake ilianza hivyo mwaka 1911.