Mvua Mbili na Samaki wa Kilo Kumi

Wiki hii kila mtu kajifungia na madesa yake, basi nawaletea historia ambayo haitatoka kwenye tesiti yoyote. Ni ya samaki wa Marekani anayeitwa besi, yule wa mdomo mpana. Kule mtu analipa mwongozaji mwenye boti ampeleke majini kutwa nzima, wakatafute jisamaki moja tu la kupiga nalo picha. Na kinachotawala biashara yote hiyo ni hali ya hewa. Wengi wanadhani mvua na baridi vinamgusa samaki tu. Mimi nikisoma historia yake naona vimewagusa watu kwanza.

Mchukueni George Perry. Tarehe 2 Juni 1932, jimbo la Georgia, uchumi umeporomoka dunia nzima, na kijana huyu ni mkulima tu anayehangaika na shamba. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo umelowa, kulima hakuwezekani. Ndipo yeye na mwenzake wakaenda Montgomery Lake, ambalo kwa kweli ni kona ya zamani ya mto Ocmulgee iliyobaki na maji. Inasemekana walikuwa na chambo cha bandia kimoja, wanapokezana! Perry akanasa besi wa paundi 22 na aunsi 4, yaani kama kilo 10.1. Samaki akapimwa mjini, halafu, jamani, akapelekwa nyumbani akaliwa. Siku hizi jitu kama lile lingekaa ukutani, lakini mwaka 1932 mboga ni mboga. Jarida la Field & Stream lilimpa zawadi ya vifaa vya dola 75.

Rekodi ile haijavunjwa. Mwaka 2009 Manabu Kurita wa Japani alipata wa kilo 10.12 katika Ziwa Biwa, ila kanuni inataka umzidi mwenye rekodi kwa aunsi 2, kwa hiyo wakaandikwa sare.

Sasa mvuvi atakwambia mawingu hupunguza mwanga, besi anatoka mafichoni kuwinda. Sawa, ni kweli. Lakini siku ile kama jua lingewaka, Perry angekuwa nyuma ya jembe lake na besi yule angekufa kwa uzee bila kujulikana.

Mvua ya pili ni ya Machi 1967. Ray Scott, muuza bima kutoka Montgomery, Alabama (Montgomery nyingine hiyo, msichanganye), alikuwa kavua Mississippi na hali mbaya ya hewa ikamfukuza ziwani. Akabaki hotelini Jackson anaangalia mpira wa kikapu kwenye TV. Akawaza: kwa nini uvuvi wa besi usiwe na mashindano kama haya? Juni mwaka huohuo akawakusanya wavuvi 106 Beaver Lake, Arkansas, kila mmoja kwa kiingilio cha dola 100. Mwaka 1968 akaanzisha chama, na mwaka 1972 akaanza kuhimiza samaki warudishwe majini wakiwa hai. Yaani Perry alimla, Scott akasema mrudishe.

Hapo uvuvi ukawa na pesa, na hali ya hewa ikawa mzigo wa mwongozaji. Damu ya besi haina joto lake yenyewe, mwili unafuata maji. Florida majike wakubwa wenye mayai husogea kwenye maji mafupi mwishoni mwa baridi na mwanzo wa masika, na huo ndio msimu wa wanaotaka jitu. Ikipiga baridi ya ghafla na anga likawa jeupe, wanarudi kwenye kina au wanajibana kwenye majani, hawali. Wengine wanalaumu mgandamizo wa hewa. Mimi hiyo siimezi kirahisi, kwa sababu samaki akizama mita moja tu anapata badiliko kubwa kuliko la dhoruba yenyewe.

Tatizo ni kwamba mteja kashapanga tarehe miezi mingi nyuma. Kaomba likizo, kakata tiketi ya ndege. Aliyewahi kupangia boom matumizi kabla halijatoka atamwelewa. Mwongozaji anaona baridi inakuja, anajua kesho ni picha za bure tu. Aseme ukweli akose mshahara wa siku, au anyamaze? Perry hakuwa na swali hilo; yeye mvua ndiyo iliyompa siku.

Na kwa mtakaouliza, huku kwetu besi yupo. Walitiwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa ajili ya uvuvi wa starehe wa walowezi. Kule baridi ya Florida hakuna, shida ni upepo wa alasiri unaochafua ziwa. Anayetaka kwenda aondoke na boti alfajiri.