Intaneti ya kibanda cha gemu Mbeya na Iringa: usinunue spidi peke yake

Anayefungua kibanda cha gemu Mwanjelwa au Kihesa huulizwa swali moja na wauzaji wa intaneti: unataka Mbps ngapi? Kwa ofisi, au kwa nyumba ya watu wa filamu, swali hilo linatosha. Kwa gemu ni swali la pili.

Gemu ya mtandaoni ikishapakuliwa inakula data kidogo, mara nyingi chini ya MB 200 kwa saa kwa mashine moja. Kompyuta 8 zikicheza kwa pamoja hazifikishi hata Mbps 5. Kinachomkimbiza mteja ni kuchelewa. Anabonyeza kufyatua, bunduki inalia baada ya nusu sekunde, na yeye ameshauawa. Kesho anahamia kibanda cha jirani.

Kwanza jua wateja wako wanacheza nini. Watu wawili, pedi mbili na runinga moja kwa mechi ya FIFA au PES hawahitaji intaneti kabisa wakati wa kucheza. Kibanda cha PlayStation cha aina hiyo kinataka mtandao wa kushusha apdeti tu, na bando la simu linaweza kukutosha. Hela ya laini nzito hapo ni hela ya kutupa. Anayehitaji kuumiza kichwa ni mwenye kompyuta za Counter-Strike, Dota, Fortnite au Call of Duty, na yule anayewapa WiFi vijana wa Free Fire na PUBG Mobile.

Mbeya si mbali kama wanavyosema

Wachezaji hupima kuchelewa kwa pingi, yaani muda ambao ujumbe unatumia kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi. Unahesabiwa kwa milisekunde, na ukiwa mdogo ndiyo vizuri.

Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kila kilomita 1,000 za umbali zinaongeza kama milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, Iringa ni kama 500. Ina maana umbali wa Nyanda za Juu Kusini unakugharimu milisekunde 5 hadi 10 tu. Fundi akikwambia gemu inakwama kwa sababu “Mbeya ni mbali”, mwombe sababu nyingine.

Umbali unaouma uko ng'ambo ya Dar. Counter-Strike 2 na Dota 2 zina seva Johannesburg, Afrika Kusini. Gemu nyingine zinakupeleka Mashariki ya Kati au Ulaya, na pingi ya Ulaya kwa kawaida inapita 100. Hakuna kifurushi cha kuipunguza hiyo. Ila njia inatofautiana kati ya kampuni na kampuni: moja inaweza kukupeleka Johannesburg moja kwa moja, nyingine ikakuzungusha Ulaya kwanza ndipo ikurudishe Afrika. Spidi yao kwenye tangazo inaweza kuwa ileile.

Ndiyo maana kupima ni lazima. Chukua laini za Vodacom, Airtel, Yas na Halotel, ingia kwenye chumba chenyewe utakachopanga, na upime kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku, Jumamosi. Asubuhi kila mtandao ni mzuri. Fungua gemu yenyewe uangalie pingi inayoonyesha ndani, kwa dakika kumi au zaidi, bila kuridhika na namba ya kwanza. Pingi ya 80 iliyotulia ni bora kuliko ya 50 inayoruka hadi 300 kila baada ya muda.

Mazingira nayo yahesabu. Mbeya imekaa chini ya milima, na Iringa mjini iko juu wakati Ipogolo iko bondeni. Mnara unaokamata vizuri mtaa mmoja unaweza kufichwa na mlima mtaa wa pili. Karibu na vyuo, kama MUST kwa Mbeya au Mkwawa kwa Iringa, usipime wakati wa likizo. Wanafunzi wakirudi, mnara uleule unagawanywa kwa watu wengi zaidi.

Faiba ikifika, chukua

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita Morogoro, Iringa na Mbeya kuelekea mipaka ya Zambia na Malawi. Kupita barabara kuu hakumaanishi umefika uchochoroni kwako, kwa hiyo uliza benki, hoteli au duka la jirani wanatumia nini. TTCL inauza Faiba Mlangoni Kwako, na yapo makampuni mengine pia. Faiba ina faida mbili kwa gemu: hugombanii mnara na mtaa mzima, na waya wake ni kioo, haupitishi radi kama nyaya za shaba. Anayejua mvua za Mbeya haihitaji kuelezwa zaidi.

Kuna jambo la sheria ambalo wengi hulikuta wameshalipia. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye intaneti kafe wawe na anwani za IP za umma zisizobadilika kwa kompyuta zao, kamera za usalama, na kumbukumbu za watumiaji za miezi 12. Kanuni hizo ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa baadaye, kwa hiyo pita ofisi ya kanda ya TCRA jijini Mbeya uulize kinachokuhusu leo. Ruta ya 4G ya bando la nyumbani kwa kawaida haikupi anwani ya namna hiyo, kwa sababu wateja wengi hugawana anwani moja. Huduma ya biashara inaweza kukupa, mara nyingi kwa malipo ya ziada.

Starlink nayo inatajwa sana, hasa kwa kuwa Zambia na Malawi wanayo tangu 2023. Usivushe kifaa Tunduma au Kasumulu kabla ya kujua msimamo wa TCRA.

Apdeti ndiyo inayomaliza laini

Hapa ndipo Mbps zinapokuwa na kazi. Gemu kubwa kama Call of Duty inaweza kufika GB 100. Kwa Mbps 10 unaishusha kwa saa 22. Ukiishusha kwenye kompyuta 8, kila moja kivyake, zinapita siku 7, na muda wote huo wateja wanaganda.

Shusha mara moja tu, usiku baada ya kufunga. Tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta moja ichukue gemu kutoka kwa nyenzake ndani ya kibanda bila kugusa intaneti. Unahitaji swichi nzuri na nyaya, si WiFi. Mchana zima apdeti za Windows na Steam. Kama laini ni ya bando lenye kikomo, soma masharti: “bila kikomo” nyingi hupunguza spidi ukishavuka kiasi fulani, na apdeti mbili zinakufikisha hapo.

Kisha ibane laini yako mwenyewe. Mteja mmoja akishusha filamu, foleni inajaa ndani ya ruta na pingi ya wote inapaa. Ruta kama za MikroTik hukuruhusu kugawa: weka jumla iwe asilimia 90 ya spidi unayopata kweli, kisha kila mashine na kiwango chake. Kazi hii fundi anaimaliza kwa mchana mmoja, na mara nyingi inasaidia kuliko kupanda kifurushi.

Laini ya akiba

Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Siku kama hiyo laini ya pili haikuokoi ikiwa inatokea baharini kwa njia ileile. Lakini kukatika kwa kawaida ni kwa hapa hapa, katapila likichimba mtaro. Kwa hilo ruta ya 4G ya kampuni tofauti inatosha kumalizia jioni. Piga hesabu: mashine 8 kwa Sh1,000 kwa saa, zikilala saa 3, umepoteza Sh24,000. Umeme ukikatika, kisanduku cha faiba na ruta hula wati chache tu. Betri ndogo inavibeba, japo kompyuta zitataka zaidi.

Kabla ya kusaini mkataba wa mwaka, omba mwezi mmoja wa majaribio. Uliza pia fundi wa faiba anakaa Mbeya au anatumwa kutoka Dar, na siku za mapumziko nani anapokea simu.