Kushindwa Kudhibiti Tabia za Ngono

Mitaa ya Musoma ina majina yake: mwanamume asiyetulia ni kiwembe, mwanamke ni malaya, na mambo yakizidi husemwa ni jini mahaba. Majina hayo yanalaumu au kutisha tu, mgonjwa hayamsaidii.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limelipa tatizo hili namba 6C72. Ni hali ya kushindwa kuzuia msukumo wa ngono unaojirudia, kwa miezi 6 au zaidi, hadi maisha yavurugike.

Tuseme ni bodaboda wa Bunda. Abiria wanamwita, yeye yuko nyuma ya kibanda anatazama video za ngono. Asubuhi alizifuta zote, akaapa. Jioni kanunua bando jingine kwa hesabu ya bosi. Raha yenyewe haioni tena, ila kuacha hawezi.

Hamu kubwa peke yake si ugonjwa. Mvuvi wa dagaa hubaki nyumbani siku za mbalamwezi, kwa kuwa taa zake hazivuti samaki. Akimtamani mkewe kila usiku, haumwi. Vivyo hivyo muumini wa Butiama anayejuta kwa sababu tu ya kuona ametenda dhambi.

Wengi husema “uraibu wa ngono”. Neno linaeleweka upesi, lakini Shirika limeliweka tatizo hili kwenye kundi la kushindwa kuzuia misukumo, na wataalamu bado wanabishana kama ni uraibu. “Ngono ya shuruti” ndiyo mbaya zaidi, maana msikilizaji ataelewa ubakaji. Bora tuseme kwa urefu: tatizo la kushindwa kudhibiti tabia za ngono. Hapo kinachotibiwa kimetajwa.

Daktari huanza kwa kutafuta chanzo kingine, kama ugonjwa wa hisia mseto au baadhi ya dawa za Parkinson. Kisha huja tiba ya mazungumzo: mgonjwa hujifunza saa, mahali na hisia zinazomwamsha, na la kufanya badala yake. Wengine huongezewa dawa za sonona au naltreksoni. Kipimo cha VVU kisisahaulike.

Mgonjwa aanzie hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, Musoma. Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo ina idara ya magonjwa ya akili. Istilahi amwachie daktari. Yeye aseme tu: “Nimejaribu kuacha, nimeshindwa.”